Mcheza Kwao Hutunzwa: Kwa Nini Baadhi ya Michezo ya Shule Hupendwa Kuliko Mingine

*(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu hapa Kintinku. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, ila tumepunguza salamu. – Mhariri)*

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazee wa Kintinku mliokubali kukaa nasi katika jua hili, ndugu zangu tuliokula uji pamoja, na ninyi wanafunzi wa leo:

Wanafunzi, marahaba, najua mlikuwa mmekwisha jiandaa kuniamkia. (Kicheko.)

Ndugu Katibu amenipa dakika ishirini nizungumze juu ya michezo. Nikizidisha, naomba igongwe kengele ya chakula. Mwili huu bado unaitii.

Nianze kwa kuwauliza wanafunzi. Tarehe 16 Septemba, 2025, Simba na Yanga zilikutana Dar es Salaam kugombea Ngao ya Jamii. Nani anayajua matokeo? (Mikono mingi ikanyooshwa.) Naam. Yanga bao moja, Simba hawakupata kitu. Naona hata wapishi wamenyoosha mikono. Sasa swali la pili. Siku moja tu kabla ya hapo, tarehe 15, mwana wa mkoa huu huu wa Singida alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo, Japani. Alitumia muda gani, na nani alikuwa wa pili? (Kimya.)

Basi nitawaambia mimi. Huyo ni Alphonce Simbu. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Wa pili alikuwa Amanal Petros wa Ujerumani, naye aliandikiwa muda ule ule. Ilibidi picha iangaliwe, ikaonekana Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde moja. Fikirini: kilomita 42 na zaidi, halafu tofauti ni kifua. Akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu katika mashindano ya ubingwa wa dunia ya riadha. Huku kwetu ulikuwa usiku wa manane, wengi tumelala. Kulipokucha tukasikia, tukafurahi, na kesho yake nchi nzima ikahamia kwenye Ngao.

Sisemi haya ili kuwaaibisha. Matokeo ya Ngao nimeyasema kwa kichwa. Muda wa Simbu nimeusoma kwenye karatasi hii, kwa sababu nami nilikuwa siujui. Hiyo ndiyo mada yangu: kwa nini katika shule zetu mchezo mmoja hujaza uwanja, na mwingine huchezwa mbele ya mwalimu mmoja na mbuzi wawili?

Wapo watakaonijibu upesi kwamba mpira wa miguu unapendwa kwa kuwa ni mtamu. Sibishi, niliucheza na ninaupenda. Lakini jibu hilo halitoshi. Wamarekani wana mchezo wao ambao nao huuita futiboli, mpira wake umechongoka kama papai na wachezaji huubeba kwapani. Huhesabu mwanzo wake vyuoni tangu tarehe 6 Novemba, 1869, vyuo vya Rutgers na Princeton vilipokutana. Leo uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake unachukua watazamaji zaidi ya laki moja, wakati Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, unachukua elfu sitini. Na wanaochezea pale Michigan ni wanafunzi! Lakini uleteni mchezo huo hapa Kintinku Jumamosi ijayo, mwone kama atabaki mtu baada ya robo saa. Kama utamu ungekuwa ndani ya mchezo wenyewe, ungekuwa mtamu kila mahali. Kumbe utamu mwingine umo katika ulimi wa mlaji, na ulimi hufundishwa.

Huko huko Marekani Mtanzania mwenzetu, Suleiman Nyambui, alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, akawa bingwa wa vyuo vya nchi ile katika mbio ndefu. Sidhani kama kuna siku walikuja watu laki moja kumtazama yeye. Kwa hiyo tusijione sisi ndio wa kwanza kuwa na ugonjwa huu.

Tuulize basi, ulimi wetu ulifundishwaje? Mimi naona sababu nne.

Ya kwanza ni kwamba kandanda haidai kitu. Mtoto wa Kintinku huanza chandimu kabla hajajua kuandika jina lake. Matambara, mifuko ya plastiki, kamba ya katani, mpira tayari. Mawe mawili huku, mawe mawili kule, goli tayari. Mkiwa sita mtacheza, mkiwa thelathini mtacheza. Linganisheni na mpira wa kikapu. Aliyeubuni, James Naismith, aliubuni mwaka 1891 huko Springfield, Marekani, ili vijana wapate mchezo ndani ya jengo wakati wa baridi. Ni mchezo uliozaliwa juu ya sakafu. Sasa ardhi yetu mnaijua. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza kiatu, masika hukinasa kiatu hicho hicho. Dundeni mpira wa kikapu pale nyuma ya bweni. Ukidunda mara ya kwanza, mara ya pili mtaufuata wenyewe. Ndiyo maana mchezo huu umestawi penye saruji. Hasheem Thabeet alikuta viwanja Dar es Salaam, akaenda Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akawa wa pili kuchaguliwa katika vijana wote walioingia ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Urefu ule angezaliwa nao hapa kwetu, nadhani tungemtumia kuangulia mabuyu. (Kicheko.)

Ya pili, katika kandanda kila mtu ana mtu wake uwanjani. Wachezaji kumi na mmoja hutoka mabweni mbalimbali na vijiji mbalimbali. Huyu ni jirani yangu, yule nilimwazima kalamu, yule golikipa ni mtoto wa shangazi. Tena katika kandanda mnyonge ana tumaini. Bao moja linatosha, nalo laweza kuingia kwa bahati, kwa upepo, au kwa beki kuteleza. Mpaka dakika ya tisini mtu anaweza kuomba Mungu. Katika mbio za mita 1500, mwenye pumzi huonekana mzunguko wa pili, na aliye nyuma hawezi kusema refa kamwonea. Riadha ni mchezo wa haki sana, na haki hiyo hiyo huwachosha watazamaji.

Ya tatu ni kusimuliwa. Ndugu zangu wa enzi zetu mtakumbuka kabla ya lami kufika, Dar es Salaam tuliijua kwa treni inayopita stesheni na kwa redio. Jumamosi alasiri redio moja ya betri dukani ilikuwa na watu arobaini. Tulikuwa hatujauona uwanja wowote wenye majani, lakini mtangazaji alituambia mpira uko winga ya kulia, anapiga chenga ya kwanza, ya pili, na sisi tulishika vichwa. Tuliwajua wachezaji kwa majina, kwa miguu yao, hata kwa tabia zao. Jumapili tuliyarudia yote kiwanjani, kila mtu amejichagulia jina la kuitwa. Riadha ilipewa nini? Mwisho wa taarifa ya michezo, dakika moja, jina la mtu na namba nyingi. Nani atajiita namba?

Lakini pale riadha iliposimuliwa vizuri, mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1968 mjini Mexico, John Stephen Akhwari alianguka katika marathoni ya Olimpiki, akaumia goti, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, jua limekwisha tua, watazamaji waliobaki ni wachache, mguu umefungwa bendeji. Alikuwa wa mwisho katika waliomaliza. Aliyeshinda alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia. Leo ulizeni duniani, wengi humkumbuka Akhwari kuliko Wolde. Kwa nini? Kwa sababu kamera zilikuwa bado hazijafungwa, na ile picha ikasimulia. Mchezo ulikuwa ule ule. Kilichoongezeka ni msimulizi.

Ya nne ni njia ya mbele. Kijana wa kandanda huiona ngazi yake: timu ya darasa, timu ya shule, wilaya, mkoa, ligi. Leo hata Singida yetu ina timu ya Ligi Kuu, na wachezaji wanalipwa. Kijana wa riadha ngazi yake imefichika. Lazima aonyeshwe na mtu. Ngazi hiyo kwa miaka mingi ilikuwa mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo yaliposimamishwa kwa muda, mnadhani nani aliumia zaidi? Kandanda ilibaki na mitaa, ilibaki na chandimu, ilibaki na redio. Kutupa mkuki, miruko mitatu, mbio za kupokezana vijiti, hata netiboli, vilikuwa na nyumba moja tu, nayo ni shule. Nyumba ikifungwa, vinalala nje.

Wanafunzi, hapa nawaomba msikilize kwa makini. Katika sababu zote nne nilizotaja, hakuna hata moja isemayo kwamba mchezo unaopendwa zaidi ndio tunaouweza zaidi. Tazameni historia. Tarehe 2 Februari, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi, kijana wa Karatu, aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho, akamwacha John Walker wa nchi ile ile mbele ya watu wake, na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3, sekunde 32 na nukta 2. Mwaka uliofuata akaweka rekodi ya dunia ya maili moja huko Kingston, Jamaika. Mwaka 1978 Gidamis Shahanga akashinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada. Mwaka 1980 huko Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na Nyambui fedha katika mita 5000. Hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, hizo mbili ndizo medali pekee ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki. Zote za riadha. Upande wa kandanda, Taifa Stars ilicheza fainali za Afrika Nigeria mwaka huo huo wa 1980, kisha tukangoja miaka 39 hadi Misri, 2019. Na miaka yote 39 uwanja ulikuwa ukijaa. Sisemi ni vibaya. Mwenye kupenda hahesabu. Nasema tu kwamba wingi wa watazamaji si kipimo cha uwezo wetu.

Hali ni hiyo hiyo kwa wasichana. Kwa muda mrefu tuliwapa netiboli, tukawapa na saa mbaya, jua la saa nane, ili kiwanja kiwe wazi kwa wavulana saa kumi. Kisha tukasema netiboli haina watu. Itakuwaje na watu saa nane? Lakini mwaka 1965, katika Michezo ya kwanza ya Afrika Nzima iliyofanyika Brazzaville, Theresia Dismas, msichana wa Tanzania, alitupa mkuki akarudi na medali ya fedha. Huo ulikuwa mkuki, chombo ambacho wazee wa hapa hawakupata kufikiri kumkabidhi msichana. (Kicheko cha wazee.) Na katika miaka yetu hii Twiga Stars imecheza fainali za Afrika za wanawake, Afrika Kusini mwaka 2010 na Morocco mwaka 2025. Wale waliosema wasichana hawawezi kandanda sasa wanagombania nafasi mbele ya televisheni kuwatazama.

Je, shule yaweza kuubadili ulimi wake? Inaweza, na mfano hauko mbali. Mwaka 1976 bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, alifika kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya St. Patrick's, Iten, nchini Kenya. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alianza kusimama kando ya kiwanja akiwatazama vijana wanavyokimbia, akawauliza, akasoma, akaandika. Mwaka 1988 mmoja wa vijana waliosoma hapo, Peter Rono, alishinda mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul. Miaka mingi baadaye kijana mwingine aliyefundishwa na bruda huyo huyo, David Rudisha, alikimbia mita 800 mjini London, mwaka 2012, kwa dakika 1, sekunde 40 na nukta 91, rekodi ya dunia. Mtasema Iten iko juu mlimani, hewa yake inawasaidia. Ni kweli inasaidia. Lakini mlima ulikuwapo kabla ya bruda. Kilichoongezeka mwaka 1976 ni mtu mzima mmoja aliyetazama. Na shuleni hapo imepandwa miti kwa heshima ya mabingwa, kila mti na jina lake. Mtoto wa kidato cha kwanza akipita anasoma majina, na anaanza kujichagulia la kuitwa, kama sisi tulivyofanya na majina ya redioni.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Kabla ya mipira hii yote Wagogo walikuwa na ngoma, na watu walitoka vijiji vya mbali kwenda kutazama. Walikwenda kwa sababu anayecheza ni wao, na akicheza vizuri alitunzwa pale pale, mbele ya macho ya watu. Kutunzwa si kitu kikubwa. Ni kuonwa, kutajwa na kushikwa mkono. Mtu aliyetunzwa kesho hucheza tena.

Sasa nataka kuwaeleza habari ya mtu ambaye hakutunzwa. Sitamtaja jina, hakunipa ruhusa.

Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa kiranja wa michezo. Kulikuwa na kijana kidato cha pili, mtoto wa wafugaji wa huku bondeni, mnyamavu, ambaye alikimbia kuliko wote shuleni. Hatukuwa na saa ya kupimia. Tulitumia saa ya mkononi ya mwalimu, kwa hiyo siwezi kuwaambia alikuwa na kasi gani. Najua tu kwamba katika mbio ndefu alikuwa akimaliza, anavaa shati, anafunga vifungo vyote, ndipo wa pili anafika. Siku ya michezo alishinda mbio mbili. Waliokuwa pale kwenye mstari wa mwisho walikuwa mwalimu, mimi na wavulana wawili wa zamu ya maji. Wengine wote walikuwa ng'ambo ya pili wakitazama mechi ya kidato cha tatu na cha nne.

Yakaja mashindano ya Manyoni. Tulipata lori la mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka magunia, na nafasi juu ya magunia zilihesabiwa. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika majina. Niliandika wachezaji kumi na mmoja wa kandanda, nikaandika wa akiba watano. Zikabaki nafasi mbili. Nilijua vizuri kabisa kijana yule alistahili moja. Lakini rafiki zangu wawili wa bweni walitaka kwenda, wakasema wao ni wa akiba pia. Nikawaandika. Hakuna mwalimu aliyeniamuru. Niliandika kwa mkono wangu.

Asubuhi lori lilipokuwa likiwashwa, kijana alikuwa amesimama kando ya barabara. Alikuwa amefua bukta yake, ameikunja, ameishika mkononi. Nilimwendea nikamwambia nafasi zimejaa. Hakulia wala hakubisha. Aliniambia, "Haidhuru, Kiranja. Mpira ndio una watu."

Tukaondoka tukiimba. Tulipanda mlima wa Saranda, tukafika Manyoni vumbi hadi kwenye kope, na katika mechi ya kwanza tukafungwa mabao manne kwa moja. Wale rafiki zangu wawili hawakugusa mpira. Jioni zikakimbiwa mbio za mita 1500. Nilizitazama nikiwa nimekaa juu ya kiroba. Sitaki kuwadanganya kwamba kijana wetu angeshinda, sijui. Sisemi angekuwa Bayi. Nasema kwamba hakuna atakayejua, naye mwenyewe hatajua, na aliyeifunga njia hiyo ni mimi. Tangu siku ile sikumwona akikimbia tena. Nilipomaliza shule aliniaga vizuri, kwa heshima.

Mwaka jana nilishuka hapa kwa shughuli za msiba, nikakutana naye sokoni. Amekuwa mtu mzima mwenye ng'ombe na wajukuu, analima mpunga. Tulikaa kwenye benchi la duka, nikamwambia jambo lile limenikaa rohoni miaka yote, nikamwomba anisamehe. Alicheka sana. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Hivi siku ile tulifungwa ngapi?"

Ndugu zangu, alisema *tulifungwa*. Tulimwacha barabarani, na bado alijihesabu katika timu. Mtu wa namna hiyo ndiye tuliyemwambia kwa vitendo vyetu kwamba mchezo wake hauna watu. Watu hao walikuwa ni sisi. Tungevuka kiwanja tu, ungekuwa na watu.

Ndiyo maana nimeomba nafasi ya kusema kabla hatujafika kwenye ajenda ya michango. Nimeona pendekezo lililo mezani: jezi mpya seti mbili, njumu, mipira na nyavu za magoli. Ni jambo jema na nitachangia. Timu ya shule isiende Manyoni imevaa matambara. Lakini nina maombi manne, na kati yake mawili hayana gharama.

La kwanza: kila lori au basi linalokwenda kwenye mashindano, wa kwanza wa kila mchezo aandikwe kabla ya mchezaji wa akiba wa mchezo wowote. Kanuni hii iandikwe na ibandikwe, isiachwe katika mkono wa kiranja mwenye marafiki.

La pili: siku ya michezo ya shule, wakati wa mbio, mpira usipigwe. Shule nzima, wavulana kwa wasichana, isimame kwenye mstari wa mwisho. Na netiboli ipewe saa kumi angalau siku mbili kwa wiki. Hili halihitaji shilingi hata moja.

La tatu: tutengeneze ubao wa rekodi za shule, ubao mzuri wa mninga ukipatikana, utundikwe bwaloni ambako kila mtu anapita mara tatu kwa siku akiwa na njaa. Mbio, miruko, mkuki, tufe, netiboli, wavu, kandanda, hata bao. Jina, muda au umbali, na mwaka. Mwenye kuvunja rekodi aandikwe siku ile ile, mbele ya watu.

La nne: katika fungu la michango, sehemu moja kati ya nne itengwe kwa ajili ya michezo isiyo kandanda. Tuanze na saa mbili za kupimia mbio, chokaa ya njia za kukimbilia, na kiwanja cha netiboli kilichoshindiliwa changarawe, ili masika kisigeuke jaruba la mpunga. Mimi natoa saa hizo mbili. Ninazo hapa mfukoni. (Makofi.)

Wanafunzi, nanyi nina neno moja kwenu. Pendeni kandanda, ishangilieni, Simba na Yanga zitaneni kwa adabu. Lakini katika darasa lako yupo mmoja anayefanya jambo vizuri na hakuna anayemtazama. Huenda anaruka, huenda anarusha mkuki wa mti alioukata mwenyewe, huenda anakimbia alfajiri mnapokuwa mmelala. Simbu naye alikuwa mtoto wa mkoa huu, hatofautiani nanyi kwa sura wala kwa chakula. Nenda ukasimame pale anapomalizia. Mwite kwa jina lake. Usingoje redio ikuambie kwamba ni mtu.

Ndugu Mwenyekiti, naona Ndugu Katibu anaitazama kengele. Nimemaliza.

(Baada ya mazungumzo haya palikuwa na mjadala mrefu. Mkutano ulikubali maombi la kwanza, la pili na la tatu. La nne limepelekwa kwenye Kamati ya Fedha, ambayo imeombwa ijibu kabla ya siku ya michezo. Saa mbili zimekabidhiwa kwa mwalimu wa michezo. – Mhariri)